Darasa la Jumamosi la makwotabeki, Katy: macho kwanza, mkono baadaye

Kwa Jumamosi kumi nimekaa kwenye kiti cha kukunja pembeni ya uwanja mmoja hapa Katy, magharibi mwa Houston, chupa ya chai miguuni, nikimtazama mwanangu wa miaka 15 akifundishwa kazi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi kwenye futiboli ya Kimarekani. Wazazi wenzangu, Watanzania na Wakenya tunaoishi huku, wameniuliza sana kama ile pesa imekwenda pahali pake, na kila mmoja nimemjibu nusunusu kwenye simu huku nawahi zamu. Leo nawajibu wote kwa utulivu. Jina la darasa silitaji kwa sababu kocha ameniomba hivyo. Anachukua vijana 12 tu kwa awamu na wanaosubiri ni wengi. Lakini nitakayoeleza yatakufaa kupimia darasa lolote utakaloambiwa ni zuri.

Hesabu kwanza. Ada ni dola 45 kwa Jumamosi, na unalipa zote kumi kwa mpigo, yaani dola 450. Masomo yanaanza saa moja na kwisha saa tatu asubuhi. Kocha ni mmoja, ana wasaidizi wawili, vijana waliomaliza kucheza chuoni. Mpira mtoto anakuja nao mwenyewe.

Mimi nilicheza netiboli. Sekondari, Morogoro, nafasi ya senta, na nilikwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, mara mbili. Anayeijua netiboli anaijua ile sheria: ukishadaka mpira una sekunde 3 za kuutoa, na kukimbia nao hakuna. Kwa hiyo senta anayedaka kwanza halafu ndiyo aanze kumtafuta mwenzake, kachelewa. Mwalimu wetu alikuwa akituuliza kwa sauti mpira ukiwa bado hewani, "Umeshaona?" Alitaka uwe umeshaona kabla haujagusa vidole. Swali hilo hilo nimelikuta Katy, na ndilo lililonifanya nilipe bila kusita.

Kwa sababu tulikuwa tumetoka kuumia. Mwaka jana tulimpeleka kijana kwenye kambi moja ya siku moja, dola 250, ukumbi mkubwa wenye nyasi za bandia. Wakampima urefu, wakampima kiganja, wakamwambia arushe mpira kwa nguvu zake zote huku mashine inapima kasi. Namba ikaandikwa kwenye kadi, akapewa. Namba ilikuwa ndogo. Siku nzima hakuna aliyemsimamishia hata mlinzi mmoja mbele yake amuulize angefanya nini. Njiani kurudi nyumbani alikaa kiti cha nyuma, jambo asilolifanya, na ile kadi akaiacha chini ya kiti. Niliiokota nikaitupa. Kijana mwenye miaka 14 hawezi kuambiwa thamani yake kwa namba ya mkono peke yake, hasa kwenye mfumo ambao mkono ni jambo la tatu au la nne.

Mfumo wenyewe unaitwa spredi, na hapa Texas utaukuta kwenye shule za sekondari na kwenye vyuo vikuu vilevile. Kwotabeki hasimami amegusana na senta (huku senta ni yule anayeinama na kuurudisha mpira kupitia katikati ya miguu yake). Anasimama kama yadi 5 nyuma. Wapokeaji wanne, wakati mwingine watano, wanatawanywa kwa upana wote wa uwanja. Walinzi wakiwafuata, katikati kunabaki peupe. Wakijazana katikati, mpokeaji anabaki ana kwa ana na mlinzi mmoja kwenye eneo kubwa. Kazi ya kwotabeki ni kuona walinzi wamechagua lipi, na kuwaadhibu kwa uchaguzi wao kabla hawajabadilika.

Jumamosi mbili za mwanzo hakuna aliyegusa mpira. Kuna baba mmoja alikuja juu kabisa, akisema hakulipa mtoto wake aje kutazama mapipa. Ni kweli yalikuwa mapipa, yale ya taka yenye magurudumu. Kocha aliyapanga kumi na moja kama walinzi. Vijana wanapewa mgongo, wasaidizi wanayasukuma mapipa, kocha anapiga filimbi, kijana anageuka. Sekunde mbili, filimbi tena, anarudi kutazama alikotoka. Kisha anaulizwa: wangapi kwenye boksi? Beki wa mwisho ni mmoja au wawili? Upande gani una nafasi?

Boksi ni lile eneo la mbele, lililo usawa wa safu ya mbele na nyuma yake kidogo. Hesabu yake ndiyo moyo wa spredi, na nilifurahi kwamba kocha aliieleza kwa wazazi pia, akichora kwa chaki kwenye lami. Mbele una wazuiaji watano. Walinzi wakiwa sita kwenye boksi, watano wanazuiwa, na yule wa sita kwotabeki mwenyewe anamshughulikia kwa kumsoma; mpira ukimbizwe. Wakiwa saba, kuna mmoja ambaye hana wa kumzuia, lakini maana yake huko pembeni wamepungukiwa, mpira urushwe. Hakuna ushujaa hapo, ni kujumlisha na kutoa. Jumamosi ya kwanza mwanangu alijibu sawasawa mara nne kati ya kumi. Ya tatu, tisa. Sijawahi kuona somo la hisabati likimwingia hivyo.

Kumsoma mlinzi ndilo jambo lililonigusa zaidi, maana nililicheza mimi mwenyewe. Mlinzi wa pembeni wa mbele anaachwa makusudi, hakuna anayemzuia. Kwotabeki anaupeleka mpira tumboni mwa mkimbiaji, mikono ya wote wawili iko juu ya mpira, na macho yake hayapo kwenye mpira wala kwa mkimbiaji, yapo kwa yule mlinzi. Mlinzi akiingia ndani kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbilia pale palipoachwa. Mlinzi akibaki mahali pake, mpira unaachiwa mkimbiaji. Kocha Rich Rodriguez ndiye anayetajwa sana kwa kuujenga ujanja huu, kwenye chuo kidogo cha Glenville State kule West Virginia miaka ya mwanzo ya 1990, na tangu hapo umeenea kila mahali.

Kocha alitaka wazazi waufanyie mazoezi nyumbani, dakika 10 kwa siku. Kwa hiyo nikawa mlinzi. Asubuhi nikitoka zamu ya usiku, bado nimevaa sare za kazi, tunashuka kwenye maegesho ya magari ya nyumba zetu. Mdogo wake wa miaka 11 anakuwa mkimbiaji. Mimi nasimama hatua sita mbele yao, naamua mwenyewe niingie au nibaki. Siku za kwanza nilimlaghai nitakavyo: nainamisha bega la ndani kana kwamba naingia, yeye anachomoa mpira, ananikuta nimesimama. Wiki ya pili nikamlaghai tena kwa bega, na akauacha mpira kwa dada yake, akapita zake akinitazama. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mama, bega lako linadanganya. Nyonga hazidanganyi." Kocha ndiye aliyewafundisha kutazama pale, mkanda wa suruali unapokaa, kwa sababu mtu hawezi kwenda mahali ambapo nyonga zake hazijaelekea. Nikamwambia aje kesho tena, nitajaribu kwa nyonga. Nilijaribu. Ukishageuza nyonga umeshakwenda, na yeye kapita.

Nenda kamtazame Vince Young, mtoto wa hapahapa Houston, alivyokuwa Chuo Kikuu cha Texas. Fainali ya ubingwa wa vyuo iliyochezwa Rose Bowl, Januari 2006, dhidi ya USC, chuo kikuu cha California: jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, zimebaki yadi 5 kupata majaribio mengine, mpira uko kwenye yadi ya 8, saa imebakiza sekunde chache. Watu wanakumbuka miguu yake, alivyokimbilia kona ya kulia akafunga, wakashinda 41 kwa 38. Mimi sasa nikiitazama naona kilichotangulia miguu. Alishika mpira kama mtu wa kupasi, akatafuta wapokeaji, hakupata, ndipo akaondoka. Mechi hiyo alikimbia yadi 200 na kurusha yadi 267. Vijana wengi wenye mbio wanakimbia kwa sababu wameogopa kuangalia, na kocha wetu huwarudisha mstarini hao bila kuwafokea, anawauliza tu, "Ulimwona nani?" Asiyekuwa na jibu anarudia.

Kuanzia Jumamosi ya tano ndipo pasi zikaanza, na hapo darasa linakuwa na sura nyingine. Miguu inafundishwa kama saa. Kila njia ya mpokeaji ina idadi yake ya hatua: pasi fupi ya haraka, hatua moja na mpira utoke, ya kati, hatua tatu, hatua zikiisha na wa kwanza kabanwa, macho yanahamia kwa wa pili na miguu inahama pamoja nayo. Kijana anayehamisha macho peke yake, miguu imebaki imeelekea kwa wa kwanza, pasi yake inakwenda nyuma ya mtu. Hili nililiona kwa mwanangu kwa mwezi mzima. Kifua kinatazama kaskazini, macho mashariki, mpira unaangukia popote.

Kuna pia ile michezo yenye milango miwili, kukimbiza mpira au kuurusha, wenyewe wanaiita ar-pi-o (RPO). Timu nzima ya mbele inazuia kana kwamba mpira unakimbizwa, lakini mpokeaji mmoja anakata ndani nyuma ya lainibeka, yule mlinzi anayesimama nyuma ya safu yao ya mbele. Lainibeka akipanda mbele kumfuata mkimbiaji, mpira unarushwa pale alipotoka. Akibaki, mkimbiaji anapewa. Sheria za vyuo zinausaidia sana mchezo huu, kwa sababu watu wa safu ya mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 kabla ya pasi, wakati kwenye ligi ya kulipwa ni yadi 1 tu. Ndiyo maana unaweza kumwona kijana anatesa chuoni kwa michezo hii, akifika kwa wakubwa mlango mmoja unakuwa mwembamba.

Kuhusu mkono niseme ukweli. Mkono una kazi. Uwanja una upana wa futi 160, na vyuoni ile mistari miwili ya ndani ambako mpira huwekwa imeachana futi 40. Kwa wanaolipwa imeachana futi 18 na nusu. Maana yake mpira ukiwa umewekwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia una futi 100 hadi nje. Ndiyo sehemu kubwa ambayo spredi inataka kuitumia, na pasi ya kuvuka huko ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Mwanangu mpira wake ulikuwa unafika umechoka. Kocha hakumwambia arushe kwa nguvu zaidi. Alimwambia arushe mapema: mpira utoke mkononi wakati mpokeaji bado anakupa mgongo, atakapogeuka aukute njiani. Msaidizi alisimama na filimbi, akawa anaipuliza pale mpokeaji anapogeuka. Mpira ukitoka baada ya filimbi, pasi haihesabiwi hata kama imedakwa. Jumamosi ya nane pasi yake moja ilitoka kabla, ndogo, ya chini, ikafika kifuani mwa mtu wakati mlinzi bado hatua mbili nyuma. Nilisimama kwenye kiti changu. Ile ni pasi ya netiboli, unaipa nafasi, humpi mtu.

Houston tuna mfano wetu. Case Keenum alicheza Chuo Kikuu cha Houston kuanzia 2007 hadi 2011, na yadi zake 19,217 za pasi ni nyingi kuliko za kwotabeki yeyote wa ngazi ya juu ya vyuo. Alipotoka sekondari kule Abilene hakuwa akigombewa. Chuo hiki ndicho pekee cha ngazi hiyo kilichompa ufadhili. Mkono wake hautajwi kama wa ajabu. Msimu wa 2011 alirusha tachidauni 48, yaani pasi za kufunga, na zilizonaswa na wapinzani zilikuwa 5. Na urefu? Kyler Murray wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, mtoto wa Allen, Texas, hafiki futi 6, akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2018.

Wazazi tunadanganywa na yadi. Kocha Mike Leach alipokuwa Chuo Kikuu cha Texas Tech, miaka minne mfululizo, 2002 hadi 2005, alikuwa na makwotabeki wanne tofauti na kila mmoja akavuka yadi 4,000 kwa msimu. Mfumo unazaa yadi. Patrick Mahomes, kwenye chuo hichohicho mwaka 2016, alirusha yadi 734 katika mechi moja dhidi ya Oklahoma, na timu yake ikafungwa 66 kwa 59. Kwa hiyo ukitaka kumjua kwotabeki mzuri wa spredi, tazama mpira mara ngapi umefika kwa mtu sahihi na mara ngapi umekwenda kwa adui. Joe Burrow wa LSU, chuo kikuu cha Louisiana, msimu wa 2019: pasi 76 katika kila 100 zilifika, tachidauni 60, zilizonaswa 6, na timu ikashinda mechi zote 15. Darasa letu linaandika hivyohivyo. Kila Jumamosi mzazi anapewa karatasi: maamuzi mangapi yalikuwa sahihi, na kando yake, pasi ngapi zimedakwa. Uamuzi sahihi uliodondoshwa na mpokeaji unapewa alama. Uamuzi mbaya uliodakwa kwa bahati haupati kitu. Karatasi hizo ninazo zote kumi.

Mimi ni muuguzi, na vichwa vilivyopata misukosuko nimevihudumia, kwa hiyo hili halina mjadala kwangu. Kwotabeki wa spredi anakimbia, na anayekimbia anapigwa. Darasa hili linafundisha kuteleza chini tangu siku ya kwanza, kwenye turubai lililomwagiwa maji na sabuni, na linafundisha kutoka nje ya mstari bila aibu. Kijana anayeinamisha kichwa kutafuta yadi moja ya ziada anaketishwa kwa dakika 10. Kocha aliniambia kwamba yadi moja haimrudishii mtu wiki tatu. Kwa hilo peke yake ningemlipa.

Kasoro zipo. Uwanja hauna mti hata mmoja na kuanzia Juni joto linakuwa la hatari; hema moja lililopo wanakaa wasaidizi na vifaa, nimewaambia liwe la watoto. Vijana wamepangwa kwa umri, kwa hiyo mwenye miaka 15 aliyeanza mwaka huu anapanga foleni moja na aliyeanza akiwa na saba, na mara nyingi wazoefu wanapata zamu mbili wakati mgeni amepata moja. Nililazimika kuhesabu na kumpelekea kocha hesabu hiyo, akarekebisha, lakini mzazi asingepaswa kuhesabu. Hakuna mazoezi ya kuudaka mpira ukiwa umegusana na senta, na kuna shule bado zinauhitaji, hasa kwenye yadi moja ya mwisho. Video ya mtoto wako wanaitoa, ila kuketi na kocha akuchambulie ni dola 20 za ziada kila mara, na hilo hawalisemi siku ya kujiandikisha.

Matokeo? Shuleni kwake ni kwotabeki wa pili kwenye timu ya vijana, nyuma ya mwenzake aliye mkubwa kwa mwaka mzima. Mechi ya majaribio ya masika waliingiza wote wawili. Nilimwona mlinzi wa pembeni anainamisha bega, nikashika mkono wa baba yake. Kijana hakuchomoa. Mpira ulipoanzishwa tena yule yule aligeuza nyonga, mpira ukatoka tumboni mwa mkimbiaji, yadi 11, akateleza chini mbele ya beki. Aliinuka akatazama jukwaani tulipokaa.

Nimempa darasa nyota nne kati ya tano, na nimeshalipia awamu ya vuli. Anayetaka kujiandikisha aniulize ana kwa ana, nitamuunganisha. Beba kofia, kiti chako, na maji ya kutosha, kwa sababu bomba la pale uwanjani ikifika saa mbili linatoa maji ya moto.